Shemegi Khattab na Farasi wa Mgongo Mtupu

Shemegi yangu Khattab hajapanda farasi maisha yake. Punda alipanda, udogoni, na punda mwenyewe alimuangusha. Hilo analisema dada yake Nasriya, aliyekuwepo. Lakini mkalishe Khattab kwenye kochi, mpe rimoti na finjani ya kahawa, atakwambia katika farasi kumi na wawili ni yupi atakayeshinda Uingereza jioni ile, na kwa nini, na babu yake nani.

Maradhi hayo aliyapatia hukohuko Uingereza. Serikali ilimpeleka kusoma mambo ya maji, akapanga chumba karibu na uwanja wa mbio. Si mbio hizi zetu za Barka, huku Oman, za kukimbia tu. Huko farasi anarukishwa viunzi na mitaro, masafa marefu, kwenye matope na baridi, mpaka wengine wanaanguka. Khattab akarudi na shahada ya maji ambayo mie sijaona imemwagilia hata mtende mmoja, na hiyo elimu yake ya farasi. Sasa kastaafu wizarani, anakaa Qurum, na kila Ijumaa baada ya Magharibi anatutumia kwenye kundi la familia sauti ndefu ya kuwachambua farasi wa kesho. Kamari hachezi, ni haramu, na Mungu kamsitiri, maana angekuwa keshaiuza nyumba. Anachotaka ni sifa tu.

Nimezisikiliza sauti hizo miaka, ukoo ndio ukoo. Mjuzi wa kweli angetazama ardhi imelowa au imekauka, farasi kabebeshwa uzito gani, mara ya mwisho viunzi kaviruka vipi. Khattab hayo anayapitia mbiombio. Linalomkalisha ni nasaba. Huyu baba yake bingwa, babu yake bingwa, mama yake katoka zizi la wakubwa. Siku moja nikamuuliza, "Na yeye mwenyewe kashinda wapi?"

"Atashinda, shemegi. Damu haipotei."

Na farasi wa kuruka wengi wao wamehasiwa. Damu yote hiyo inayosifiwa inaishia palepale zizini. Nilimwambia na hilo, akanambia mie sijui kitu.

Ningemuacha na farasi wake. Lakini mume wangu Amur, kaka yake, alifariki, na walii wa kumuozesha binti yangu Mazoon akawa huyuhuyu Khattab. Mtu asiyejua kuchagua tikiti sokoni Matrah ndiye aliyepewa kumchagulia mwanangu mume.

Mazoon ni mfamasia. Hospitalini kwake yupo kijana anaitwa Maan, muuguzi wa chumba cha dharura, na yeye watu wao wametoka Unguja kama sie. Alikuja kuposa kwa adabu zote, na wazee wake, na tende, na kanzu imepigwa pasi vizuri. Khattab akawanywesha kahawa, akamuuliza jina la baba, la babu, la baba wa babu. Hapo Maan akasema zaidi ya babu hawajui. Hata magari yao hayajatoka uani, Khattab kanigeukia: "Si kufu yetu."

Hakuuliza anaswali au haswali. Hakuuliza ana hasira au mpole. Aliuliza majina, yakamuishia, akafunga mlango.

Mazoon angeweza kwenda kwa kadhi, haki anayo. Hakutaka kumsimamisha ndugu wa baba yake mbele ya watu. "Nitangoja, mama," akanambia. "Ila mwengine sitaki." Akangoja mwaka mzima, anakonda nnamuona, na kila Ijumaa sauti ya ami yake inaingia kwenye simu ikisifu damu za wanyama. Nilimchukia Khattab mwaka ule. Sitafuti neno jengine.

Basi Jumamosi moja ya baridi tumekusanyika kwake Qurum, kuna mbio kubwa. Farasi wanazungushwa kabla ya kuanza, na Khattab kasimama mbele ya televisheni, fimbo mkononi, anatuonyesha. Alimchagua mweusi mwenye nyota kwenye paji la uso.

"Mtazameni anavyotembea. Anajua yeye mwana wa nani."

"Na yule wa kijivu?" akauliza Bi Nasriya. Yeye ndiye mkubwa wao, mama yao alipokufa ndiye aliyemlea Khattab, na yule kijivu alimpenda kwa sababu ya uchafu wake. "Wewe mwenyewe ulisema mwaka huu hajaanguka hata mara moja."

"Hajaanguka kwa sababu hana haraka. Mama yake alikuwa wa kuvuta mikokoteni shamba. Hana asili huyo." Kisha akamtazama Mazoon, nilimuona. "Mnajifanya hamfahamu. Asili ni asili, kwa farasi na kwa binadamu. Huyu mweusi asiposhinda, basi mie asili siijui, na mtu asiniulize tena."

"Tumekusikia sote, shemegi," nikamwambia.

Wakaachiwa. Mweusi kweli alitangulia, nisimdhulumu mnyama. Aliruka vizuri mpaka kiunzi cha mwisho. Hapo akakigonga, akapiga magoti, na mpandaji wake akatupwa mbele, akaangukia matopeni. Farasi akainuka, akaendelea peke yake, hatamu zinaning'inia, sasa mwepesi kwa kuwa mzigo hana. Akawa wa kwanza kuvuka mstari. Nyuma yake akaja kijivu, na mtu wake juu, wamejaa tope mpaka masikioni.

Khattab alinyanyua mikono yote miwili. "Kashinda! Mmeiona damu?"

Farasi asiye na mpandaji hahesabiwi, na hilo hapana asiyelijua chumbani mle, kwa kuwa yeye ndiye aliyetufundisha. Alilijua kuliko sote. Mtu mzima, ndevu nyeupe, anasherehekea mgongo mtupu. Kwanza nilimuonea haya. Ilipokwisha haya nikabaki na dharau tu.

Televisheni ikamuonyesha mpandaji yule, kakaa kwenye tope, kashika bega.

"Na yule mtu, ami?" akauliza Mazoon.

"Mtu gani?" akasema Khattab, na kweli alikuwa hajamuona.

"Aliyekuwa juu yake."

Bi Nasriya akaweka finjani yake chini. "Khattab. Umesema mwenyewe mbele yetu kwamba asili huijui. Waite watu wa yule kijana."

"Dada, hayo mambo ya farasi."

"Aliyeyachanganya wewe."

Kwa Nasriya hana kauli. Akaizima televisheni, akakaa kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, mwisho akasema, bila ya kumtazama mtu, "Waje Ijumaa."

Mngedhani kajifunza. Siku ya nikaha wanaume walikuwa ukumbini kwake, sie wanawake chumba cha pili, mlango umeachwa wazi kidogo. Sheikh kabla hajaanza, nikasikia Khattab anakohoa. Nnakijua kikohozi kile, ndicho kinachofungua zile sauti za Ijumaa.

Akasema amefanya uchunguzi. Akasema babu wa babu yake Maan alikuwa mtu wa heshima kutoka milima ya ndani huku, mwenye farasi wake mwenyewe, basi tu majina yalipotea safarini kwenda Unguja. Baba bingwa, babu bingwa. Hakuweza kumkubali kijana alivyo, ikambidi amtengenezee damu, aongope mbele ya Qur'ani na wazee wa watu. Nao wazee wake Maan wakawa wanatazama zulia.

Mazoon kanishika mkono, kucha zinaniingia. Sote wawili tulijua. Maan akinyamaza, baada ya dakika chache Mazoon ni mke wake. Akimtahayarisha huyu mpumbavu mbele ya watu, mpumbavu ndiye walii, ataondoka na asiozeshe. Mie nilimuomba Mungu kijana anyamaze.

"Ami, Mungu akuweke," akasema Maan. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza na mgonjwa. "Lakini huyo mwenye farasi simjui. Babu yangu ni Feruzi, seremala wa Ng'ambo. Nataka nioe kwa jina lake."

Feruzi si jina ambalo watu wa Khattab hulitia kwenye nasaba zao, na kila mtu mle alijua kwa nini: ni katika majina waliyokuwa wakipewa watumwa.

"Mungu amrehemu Feruzi," akasema Sheikh. "Khattab, kaa kitako. Lete mkono."

Nikasikia kochi linalia, kakaa. Nikasikia mkono unatolewa, na maneno yanasomwa mpaka mwisho.

Mazoon akaniachia, alama za kucha zake nnazo mkononi.

"Nilikwambia, mama," akasema. "Mwengine sitaki."