Siku Baba Mkwe Aliponiamkia Kwenye DVD

Jamani, nawaambia mwenyewe kwa sababu mke wangu ameshaisambaza habari hii soko zima la Mbulu na hakuna tena cha kuficha: mimi ndiye yule mkwe aliyempigisha baba mkwe wake shikamoo mbele ya ukoo, tena nikaitikia.

Harusi yetu ilirekodiwa na kamera tatu. Moja ya fundi wa Katesh, ya mikanda, ya zamani lakini anaijua. Ya pili kamera mpya ya binamu yangu. Ya tatu simu ya shemeji, ambaye alikuwa anarekodi huku anatafuna (mifupa inasikika). Fundi akasema nimpelekee vyote aviunganishe, nisubiri wiki mbili. Sasa mimi nina duka la kutoa kopi na kuchapa barua pale Mbulu, nina kompyuta, watu wananiita mtaalamu, na mtu akiitwa mtaalamu kila siku mwishowe anaamini. Nikamwambia, "Fundi, kuunganisha tu? Hiyo naimaliza mwenyewe."

Akacheka. "Ndugu yangu, kila kamera ina mwendo wake. Ukichanganya, angalia mpaka mwisho. Usione mwanzo uko sawa ukaridhika."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo, ile ndiyo ya mtu asiyesikia.

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Baba mkwe ni mfugaji wa Getanuwas, mzee mrefu, mwembamba, mwenye maneno machache, na binti yake Veronika, mke wangu, alimtoa kwa shida. Alisema vijana wa mjini hawana adabu, wanaamkia wazee macho yakiwa kwenye simu. Kwa hiyo siku ya kumchukua bibi harusi nilimwamkia nimeinama mpaka mgongo ukalia, na hiyo ndiyo picha niliyotaka aione, yeye na wazee wenzake, ili mashaka juu ya adabu yangu yaishe kabisa. Simu ya kugusa hana, ana deki na sola, basi nikaahidi kumpelekea DVD Jumapili ya wiki ile ile.

Picha nzuri ya salamu ilikuwa kwa binamu, ila upepo wa Hanang ulikuwa umemeza sauti yote. Sauti safi ilikuwa kwenye simu ya shemeji. Nikaitoa huku, nikaibandika kule tangu mwanzo wa rekodi ya binamu, nikaangalia dakika ya kwanza, midomo na maneno vinakwenda pamoja kabisa! Nikajipongeza kwa soda. Picha za fundi zilikuwa karibu mraba, zinaacha weusi pembeni mwa kioo, nikazivuta zijae. Nikachoma DVD bila kuangalia mbele zaidi.

Jumapili sebule ya baba mkwe ikajaa, wazee kwenye viti, akina mama kwenye mkeka, mimi karibu na televisheni nikijisikia. Zikaanza picha za fundi, na harusi nzima ilikuwa imenenepa. Mzee akajitazama muda mrefu, akauliza, "Huyu mwenye tumbo ni wa upande wenu?" Watu wakacheka, nami nikacheka, nikidhani aibu ya siku imeishia hapo.

Ikafika salamu. Kumbe kadiri dakika zilivyokwenda ile sauti ya simu ilikuwa inabaki nyuma ya picha, kidogo kidogo. Nikatokea nimeinama, nafumbua mdomo, kimya. Mzee akafumbua wake ili aitikie, na hapo ndipo sauti yangu nyembamba ikafika, ikatokea kinywani mwake: "Shikamoo, baba!" Picha ikanirudia mimi, nimefumbua mdomo kushukuru, na ikanitoka sauti nene ya mzee mwenyewe: "Marahaba, mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Nikarukia rimoti nisimamishe, nikabonyeza kurudisha, wakaiona tena. Kaka yake mzee akasema polepole, "Kumbe siku hizi ndivyo mnavyofanya." Veronika alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika, nikajua analia (alikuwa anacheka, aliniambia baadaye, mwanamke yule).

"Baba, ni kamera," nikaanza, "mwendo wa simu na mwendo wa..."

Mzee akachukua fimbo yake, akatoka.

Niliogopa kweli. Nikamfuata zizini, nikainama kuliko siku ya harusi. "Shikamoo, baba."

Kimya. Ng'ombe akapita kati yetu. Bado nimeinama, natazama viatu vyake vya matairi, nawaza kwamba nimemharibia Veronika kwao kwa sababu ya kiburi cha kukataa kusubiri wiki mbili. Shingo ilipoanza kunitetemeka ndipo nikasikia, "Marahaba." Halafu akaongeza, bila hata kutabasamu, "Leo na sauti yangu imechelewa."

Fundi aliziunganisha upya, akachukua wiki mbili zake, na DVD ikatoka nzuri sana. Nasikia mzee ameiweka kabatini, wageni wakija anawawekea ile yangu. Na mpaka leo nikimwamkia ananiacha nimeinama kwa muda ule ule, nyumba nzima inasubiri, ndipo aitikie. Kwa hiyo msiniletee kamera zenu. Nileteeni barua niwachapie, na siku hizi nazisoma mpaka mwisho.