Bomba Lililovaa Njuga

Mapenzi alipoolewa na Jaffar na kuletwa mtaani kwetu Kibokoni, alikuta bomba la maji limesimama katikati ya sebule kama mgeni asiyejua kuaga. Lilitokea sakafuni, likapanda ukutani baina ya vidaka viwili vya kale, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, likafika juu, likapinda kiwiko, kisha likaenda zake msalani. Lilipakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na kwenye viungo lilizongwa katani kama mguu wa mtu aliyevunjika. Mimi nakaa vyumba vya chini vya nyumba hiyohiyo, na katika mji huu nimeona mengi, hata samaki changu aliyepanda ngazi siku ya mvua akabisha hodi. Lakini kitu kibaya kama bomba lile sijakiona.

Si kosa la fundi. Barnabas, mtu wa bara aliyekuwa akifanya kazi reli, alijaribu kulificha ndani ya ukuta. Sasa kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene hivi kwamba marehemu mume wangu alilala ndani ya kidaka siku tuliyogombana, na miguu ikabaki na nafasi. Barnabas alipopiga patasi, ukuta ukamwagika kama unga. Akapiga tena, ukamwagika tena.

"Mama," akaniambia, nywele zote nyeupe kwa chokaa, "nikiendelea nitatokea msikitini."

"Na wewe jina lako Barnabas," nikamjibu. "Wacha."

Akaliacha bomba nje. Hapo ndipo shangazi yake Jaffar, Bi Swabaha wa Tudor, alipokuja juu. Nyumba ile ilijengwa na babake. Alizaliwa humo, na sebule ile ndiyo aliyokalishwa siku ya harusi yake. Alipoliona bomba alisimama mlangoni na buibui lake, hata viatu hakuvua.

"Jaffar, nyumba ya babangu umeipasua ukaitoa matumbo nje," alisema. "Basi mimi ngazi hizi sizipandi mpaka matumbo yarudi ndani."

Na Bi Swabaha akisema amesema. Harusi ya Jaffar alihudhuria ukumbini, akala, akapiga vigelegele, akarudi Tudor. Nyumbani hakufika.

Mapenzi ni mtoto wa Kaloleni. Kazi yake ilikuwa kupinda leso katika duka moja la Biashara Street, na mikono yake haikujua kutulia. Akija kwangu kuzungumza, kabla hajamaliza salamu ameshashona kifungo cha mto wangu. Mamake alifariki akiwa mdogo, mamake Jaffar naye kadhalika. Mwaka ule uliotangulia mvua kubwa za Elnino, akashika mimba. Jioni moja akashuka, akakaa kwenye baraza langu, mikono mapajani.

"Una nini leo?" nikamuuliza. "Hata mto wangu hujaushika."

"Bi Mwanakombo, nikizaa nani atanikanda?"

"Mimi sipo?"

"Wewe mikono yako hata unga wa chapati siku hizi yaogopa."

"Unga ni mgumu. Wewe ni laini."

Akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Namtaka shangazi. Mtoto azaliwe humu, na mtu mzima pekee wa ukoo wa nyumba hii asije kumshika kwa sababu ya bomba?"

Kuanzia siku ile akaliandama bomba. Kwanza akalitundikia pazia. Sebule ikawa kama wodi. Kila aliyeingia aliuliza mgonjwa yu hali gani. Akaliondoa pazia, akapaka bomba rangi nyeupe. Likawa kama mfupa wa nyangumi. Barnabas akamtengenezea sanduku la mbao refu la kulifunika, na mende wakahamia humo ukoo mzima. Usiku nilikuwa nawasikia wakisomesha watoto wao.

Ndipo Mapenzi akakumbuka ukili. Kwao wanawake husuka majani ya ukindu kuwa utepe mrefu, kisha wakauunga wakashona mkeka. Yeye mkeka hakuutaka. Alichemsha ukindu kwenye sufuria kwa rangi ya zambarau na ya kijani, akaketi akasuka ukili tumbo likiwa mapajani, akitoka dukani anasuka, akingoja wali uive anasuka. Ulipokuwa mrefu wa kutosha, Jaffar akashika ngazi, na Mapenzi akaanza kuuzungusha kwenye bomba kutoka sakafuni, pindo juu ya pindo, akishona kwa sindano kila mzunguko, mpaka kwenye kiwiko.

Nilipanda kwenda kucheka. Nikafika juu, kicheko nikakisahau ngazini. Pale palipokuwa na bomba palisimama nguzo, zambarau na kijani zikipanda zikipishana kama nyoka wawili wanaopendana, na vidaka viwili vikawa vimepata mtu wa kati. Utadhani waliojenga nyumba walimsahau, naye sasa amewasili.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona. Sasa kazi iliyobaki ni ya mdomo, niachie mimi."

Nikavaa buibui nikaenda Tudor. Bi Swabaha nimemjua tangu tuna meno ya maziwa. Ukimwomba jambo hulikataa, ukimpinga hulifuata.

"Ile nyumba ya babako," nikamwambia nikinywa kahawa yake, "Jaffar ameweka nguzo. Imetoka Pate, katika jumba la sultani. Iliposhushwa gati wanaume kumi walishindwa kuibeba, ikaja yenyewe. Ukiweka sikio, unasikia bahari ya kwao."

"Mwanakombo, wewe ungelipwa kwa uongo ungenunua ngome."

"Kama ni uongo, njoo Ijumaa baada ya sala, unikamate."

"Ntakuja! Na ntakuumbua mbele ya mtaa mzima!"

Nikarudi nyumbani nikiimba. Lakini mtaani nikakuta watu wamenuna. Maji yetu nyakati zile yalikuwa yakija yanapotaka yenyewe, na yakitaka kuja, hewa hutangulia. Bomba la Mapenzi ndilo lililokuwa refu kuliko yote, na ndilo lililokuwa likianza kukohoa. Kikohozi chake kilikuwa kikifika Likoni. Siku moja feri iligeuka ikidhani imeitwa. Likikohoa tu, mtaa mzima huamka, kila mtu na ndoo yake. Sasa tangu livishwe ukili lilikuwa bubu, na sisi mapipa yamekauka tukiwalaani watu wa maji.

Ngala, yule muuza maji wa mkokoteni, ndiye aliyetufumbua macho. "Maji yametoka juzi mpaka jua likachomoza," alisema. "Mimi nimeshangaa leo mwaninunulia. Nikasema labda mmetajirika."

Basi kelele! Jirani wa dirisha la pili akamwita Mapenzi kwa jina. "Bomba lako umeliziba mdomo kwa ajili ya urembo! Sisi tuoge kwa mchanga?"

Mapenzi akarudi ndani, akashika mkasi. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Nikamkuta amesimama mbele ya nguzo yake, mkasi mkononi, hakati.

"Nikiukata, shangazi ataona matumbo," akasema. "Nisipoukata, mtaa hautapata maji. Nami nikizaa nitakandwa kwa maji gani?"

"Kata kidogo hapo juu, pakohoe."

"Hapo juu ndipo atakapotazama kwanza, Bi Mwanakombo. Wamjua."

Akaweka mkasi chini. Akaingia chumbani, akatoka na kifurushi cha kitambaa cheusi. Ndani mlikuwa na njuga za babake, zile za kufunga miguuni, alizokuwa akichezea ngoma huko Kaloleni mpaka ardhi inatimka vumbi. Akapanda ngazi na tumbo lake, Jaffar akimshika huku akimwomba ashuke, akazifunga kwenye kiwiko cha bomba, pale ukili unapoishia. Zikaning'inia kama kipuli.

"Halina sauti," akasema, "lakini kutetemeka litatetemeka."

Ijumaa Bi Swabaha akaja. Ngazi alizipanda taratibu, akigusa ukuta kwa kiganja, na mara moja nilimwona akisimama kwenye kona moja isiyo na kitu, kama aliyekumbuka jambo la utotoni. Mlangoni akavua viatu. Mimi nikamkonyeza Mapenzi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Macho yalikuwa yameshafika kwenye nguzo. Aliizunguka nusu, ukuta ukamzuia. Akapitisha kidole kwenye pindo. "Hii ndiyo ya Pate?"

"Ndiyo hiyo," nikasema. "Tega sikio."

Akaweka sikio. Jaffar akameza mate hata mimi nikasikia.

"Bahari yenyewe imekufa," Bi Swabaha akasema. "Mwanakombo, leo nimeku..."

Nguzo ikatetemeka. Njuga zikalia chwa! chwa! chwa! juu ya kichwa chake. Bi Swabaha akaruka nyuma, "Bismillahi!", akamkumbatia Jaffar. "Ina pepo! Yacheza ngoma!"

Nje madirisha yakafunguka yote kwa pamoja. "Maji! Maji! Njuga zimelia! Maji!" Ndoo zikagongana ngazini, Ngala akasikika akilia kwamba riziki yake imekwisha. Mapenzi, mimba ya miezi minane, akakimbilia mfereji wa msalani.

"Wewe keti!" Bi Swabaha akamfokea. Alikuwa ameshaelewa, akaliangalia bomba kutoka juu hadi chini, akaniangalia mimi, nami nikaangalia dirisha. Kisha akavua buibui, akajifunga leso kiunoni. "Tudor kwetu wiki mbili hatujaona tone. Jaffar, lete pipa. Mwanakombo, na wewe acha kujifanya mzee, shika sufuria."

Tulijaza mapipa, mitungi, masufuria, mpaka birika. Yalipokwisha kujaa, Bi Swabaha alikuwa amelowa mpaka kilemba. Akakaa chini akaegemea nguzo, na njuga zikamlilia polepole huku maji yakipita mgongoni mwake.

"Nani kakufunza ukili?" akamuuliza Mapenzi.

"Mamangu. Ndicho alichowahi kunifunza."

Bi Swabaha akauvuta mkono wake, akavitazama vidole vyake, asiuachie. "Matumbo bado yako nje," akasema. "Lakini yamevaa nguo. Na wewe haya maji moto ya kukukanda, usimwachie huyu Mwanakombo, atakuunguza."

Akahamia na mkoba wake mwezi uliofuata. Mtoto alizaliwa, wa kike, na shangazi akakaa arubaini nzima, akikanda, akiogesha, akipika uji wa pilipili manga. Mtoto akilia humpeleka kwenye bomba wangoje njuga pamoja.

Mimi nilikuwa napanda kila jioni. Wageni walikuja kumtazama mtoto, na lazima wangeuliza habari za nguzo. Nikifungua mdomo nijibu, Bi Swabaha alikuwa akinitangulia.

"Hii imetoka Uajemi," alikuwa akiwaambia, bila hata kupepesa. "Babangu aliileta kwa jahazi saba."

Jahazi saba! Mimi nilisema Pate tu.