Betri za Redio ya Bibi

Wiki iliyopita, kwa fundi simu wa Rubwera, niliona gemu kama ile ya utoto wangu, ya kupanga matofali yanayodondoka. Nikaijaribu. Siku hizi najua siri yake: usiache pengo ukisubiri tofali refu, maana huenda lisije.

Ya kwangu ilikula sana betri. Mchana mmoja, Bibi akiwa uani anageuza kahawa mkekani, nilichomoa mbili za redio yake, nikajificha nyuma ya jiko penye harufu ya moshi na maganda ya ndizi. Nilicheza mpaka matofali yakafifia kwenye kioo. Kisha nikazianika betri juani, nikiamini jua lingezirudishia nguvu zote, nikazirudisha kimyakimya.

Jioni, saa ya matangazo ya vifo ilipofika, redio ilinong'ona tu. Bibi aliibana sikioni.

"Mjukuu wangu, hii redio imeharibika?"

Niliogopa fimbo. "Hapana, Bibi. Mbona inasikika vizuri?"

Alijisugua sikio, akaizima.

Siku ya tatu, jirani alipita kumpa Bibi pole. Dada yake Bibi, aliyeishi Ihanda, alikuwa amefariki, na redio ilikuwa imemtangaza jioni ileile. Tulipofika Ihanda, udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka. Bibi alipiga magoti mbele ya wafiwa, mkono wake mmoja umeushika wangu.

"Nisameheni," alisema. "Redio ilitangaza. Ni masikio yangu haya, yameanza kufa."

Nikapiga magoti kando yake.