Mstari Uliokataa Kulala

Mpaka leo nikiona herufi S imechorwa vizuri juu ya ukuta wa duka, nakasirika. Si kosa la mwenye duka. Ni mambo ya Changamwe, miaka ile ya Vita vya Pili.

Mizizi ya dawa ya wadudu iliyokuwa ikiletwa kwa meli kutoka Malaya ilikuwa haifiki tena, na Bwana mmoja Mzungu, mtafiti, akatumwa kwetu kuujaribu utupa, majani yale yale ambayo watu wa Jomvu Kuu huyaponda na kuyatia katika vidimbwi vya mkono wa bahari ili samaki walewe. Alipewa banda la mabati, meza mbili, mizani ndogo na watu wawili. Mmoja alikuwa mzee wa Jomvu ambaye ujana wake wote aliumaliza kwenye duka la viungo, akipima bizari na hiliki. Yeye akawekwa kwenye mizani. Wa pili ni mimi, wa kuchota maji na kuosha bakuli. Shule nilikuwa nimeiacha mapema. Nilikuwa nimebeba magunia bandarini, nimekata mkonge, nimeosha sahani Nyali, na kila kazi niliiacha mara nilipokwisha kuijua. Hii sikuielewa, ndiyo maana nikakaa.

Tulipanga mabakuli kwa safu, kila moja na maji ya kisima na viluwiluwi vya mbu. Bakuli la kwanza halikutiwa kitu. La pili lilitiwa chembe za unga wa utupa, la tatu maradufu yake, la nne maradufu tena, hivyo hivyo hadi mwisho wa meza. Kesho yake tulihesabu waliokufa. Bwana akanionyesha namna ya kutia nukta kwenye karatasi ya miraba: ukienda kulia dawa inazidi, ukienda juu vifo vinazidi. Penye dawa kidogo sana karibu wote wanaishi. Katikati vifo vinapanda ghafla. Mwishoni, hata ukimwaga gunia zima, hakuna tena wa kufa. Kwa hiyo nukta zikiungwa zinatoa umbo la S iliyovutwa pembeni: mkia umelala, mgongo umepanda, kichwa kimelala tena. Bwana alikuwa na kiolezo cha ubao kilichochongwa umbo hilo. Ulikilaza juu ya nukta, ukapitisha penseli, ukasoma katikati kiasi cha dawa kinachoua nusu. Wakubwa Nairobi walikuwa wakikingoja kiasi hicho.

"Wewe toa mstari safi mbele ya masika," Bwana aliniambia kwa Kiswahili chake cha mashambani bara, "mimi naandika wewe baki kazi. Mstari hapana toka, banda nafungwa."

Mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kutaka kubaki mahali, nilitaka kubaki pale.

Basi mkia ukakataa kulala. Kichwa cha mstari kilikaa sawa na mgongo ulikaa sawa, lakini nukta za dawa kidogo zilining'inia juu ya kiolezo kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Palipotakiwa wafe wachache walikufa wengi. Nikalaumu maji, nikaenda kuchota kisima kingine. Nikalaumu mabakuli, nikayasugua kwa mchanga hadi vidole vikachubuka. Nikawalaumu viluwiluwi, nikawatafuta katika mashimo ya udongo upande wa pili wa reli. Kila nilipotia nukta, zilirudi pale pale.

"Waisugua bakuli kama wataka kuioa," mzee akaniambia siku moja huku akipima.

"Niache, ami. Kuna kitu kinaniharibia."

Kwa hasira nikachukua mkasi wa bati, nikakata debe la mafuta ya taa, nikajitengenezea kiolezo changu mwenyewe. Nilikipinda hadi kikapita juu ya kila nukta, mkia umeinuliwa kama wa paka aliyekanyagwa. Nikampelekea Bwana. Alikilaza, akaona kinaingia barabara, kisha akaweka kidole pale mkia ulipoinuka.

"Hapa, kwa nini?"

"Kwa sababu nukta ziko hapo, Bwana."

"Bati napinda kwa kila kitu. Hata kwa uso yako. Mimi nauliza kwa nini."

Nilitoka nikiwa na hamu ya kulitupa lile bati baharini. Lakini swali lake halikunitoka. Bakuli lisilotiwa kitu siku zote lilikuwa salama, viluwiluwi wanacheza. Basi ubaya haukuwa wa maji wala wa viluwiluwi. Ulikuwa katika unga, na ulionekana pale unga ulipokuwa mchache.

Nikaacha kutazama bakuli, nikatazama mikono ya mzee. Alimimina unga polepole hadi sindano ya mizani ikasimama wima. Akautoa, akaumimina juu ya karatasi. Kisha, kabla ya kuikunja, ncha za vidole zikaingia kwenye chupa ya unga na kunyunyiza kidogo juu yake.

"Ami, hiyo ya nini?"

"Ipi?"

"Hiyo uliyotia sasa hivi!"

"Hii? Hii nyongeza."

"Nyongeza ya nani?"

"Ya mwenye kununua."

"Ami, hapa hakuna anayenunua. Ni mbu!"

Akanitazama kama mtu niliyekosa adabu. "Na mbu hana haki? Mimi nimepima bizari tangu sina ndevu. Mtu ukimfungia pale pale sindano iliposimama, atoka dukani akikusema. Wataka niitwe bahili?"

Juu ya rundo kubwa nyongeza ile si kitu. Juu ya chembe chache inakaribia kuwa dawa ya pili. Nikamwomba anyunyize kwenye mizani, mara nyingi, na wallahi vidole vyake vilikuwa vizuri: sindano ilisimama karibu pale pale kila mara. Nikakiongeza kiasi hicho kwenye kila kipimo cha nyuma, nikatia nukta upya, nikalaza kiolezo cha ubao cha Bwana. Mkia ukalala. Nukta chache tu zilibaki juu, nikajiambia nilikosea kuhesabu. Nikakimbia na karatasi mkononi.

Bwana alinisikiliza hadi mwisho. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamwita mzee.

"Siku zote natia sawasawa? Hapana pita, hapana pungua?"

Nilimtazama mzee kwa macho ya kumwomba. Alikuwa mtu mkweli, na hilo ndilo lililoniua.

"Sawasawa, Bwana. Ila Ijumaa hutia zaidi kidogo. Na siku nikimkumbuka marehemu mama."

"Siku gani nakumbuka mama?"

"Nitajuaje, Bwana? Humkumbuka tu."

Bwana akaikunja karatasi yangu taratibu, akanirudishia. Hakuwa na hasira, na ningefurahi kama angekuwa nayo. Tulitakiwa kuanza upya, mabakuli yote. Mimi nikakaa kwenye mizani, mzee akawekwa kwenye maji, akanuna na kuninyima salamu. Tulipata nukta za mwanzo, nazo zilikaa mahali pake, nikaanza kutumaini. Kisha masika ikaingia mapema na kwa ukali. Mashimo ya udongo yakafurika, viluwiluwi wakasombwa wote, na mahali ambapo zamani ningezoa bakuli tele kwa mkupuo mmoja nikawa narudi na tope. Nilitembea hadi Jomvu na kurudi, nimelowa, nikiwatukana mbu kwa kutokuwapo.

Banda likafungwa. Bwana akaondoka na mizani na kiolezo chake. Mimi nikabaki na bati langu lililopinda na kipande cha karatasi kisicho na kazi.

Siku ya mwisho mzee alinisindikiza hadi barabara ya kwenda kivuko cha Likoni. Kununa kulikuwa kumemwisha.

"Ungelinambia mapema, mwanangu," akasema, "nisingelitia."

"Kweli, ami? Usingetia kabisa?"

Akafikiri kwa uaminifu, mikono nyuma.

"Ningelipunguza."