Ndani ya Pantoni

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kibarua wa mkandarasi mmoja nje kidogo ya Kisumu. Tulikarabati pantoni, yale masanduku makubwa ya chuma yaliyo matupu ndani. Yakiunganishwa huelea, yakawa gati la abiria, au yakabeba daraja pale mto ulipomeza nguzo. Abiria huona mbao za juu tu. Mimi niliyajua matumbo yake.

Sanduku likitoboka huingiza maji, na maji huingiza omena, wale dagaa wa ziwani. Omena huoza humo, wakachanganyika na kutu na grisi, tope likawa jeusi, linanuka kama yai viza. Tulilichota kwa debe. Nyumbani nilikula ugali kwa kijiko, maana vidole vyangu vilinitia kichefuchefu.

Mwenzangu alikuwa fundi wa rangi kutoka Pap Onditi, mtu wa makamo, mlokole asiyeonja hata pombe ya busaa harusini. Nilimwita Mzee.

Asubuhi moja nyapara alifungua tundu la sanduku lililofungwa miaka mingi. Mzee alichungulia, akarudi nyuma.

"Bwana, hii tuache wazi mpaka kesho. Hewa ya ndani ni mbaya."

"Kwani wewe ni bibi arusi?" nyapara akamjibu. "Ingia."

Mzee akashuka na nyundo yake. Nilisikia ikigonga mara tatu, nne, kisha kimya. Nikaita. Kuchungulia, namwona amelala kifudifudi kwenye tope. Nilibana pumzi, nikashuka, nikamfunga kamba kwapani, nikatoka mbio kifua kikiwaka moto. Mimi na nyapara tukamvuta mpaka nje. Midomoni alikuwa na magamba ya samaki. Alipozinduka alinitapikia kifuani, nami nikatapika kando yake.

Uchafu huo ulitoka kwa sabuni.

Tajiri, yule mkandarasi, alipofika, nyapara aliwahi kusema, "Huyu amekuja kazini amelewa."

Tajiri akanigeukia. "Wewe ulikuwa naye. Alinuka chang'aa?"

Mzee alikuwa amelazwa kwenye nyasi, macho wazi, akinitazama. Mke wangu alikuwa mjamzito, na kazi mjini hazikuokotwa njiani.

"Alinuka, Bwana," nikasema.

 Mzee alifutwa palepale, akaondoka akipepesuka, na kupepesuka kwake kukawa ushahidi. Nyapara alinipiga begani, akatania kuhusu walokole na chupa. Nilicheka. Nakumbuka kicheko changu vizuri kuliko utani wenyewe.

Miaka michache baadaye nilikutana na Mzee sokoni Ahero. Alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mpunga. Aliniamkua kwa furaha, akauliza habari za mama watoto, akanivuta kwenye hoteli ndogo tule.

"Mzee, ile siku..." nikaanza.

"Ile siku ulinitoa shimoni."

"Nilisema ulikuwa mlevi."

"Hilo pia ulisema," akajibu, akanimiminia mchuzi zaidi.

Hakutabasamu wala hakukunja uso. Laiti angenitemea mate. Nilikula wali wake wote, tonge baada ya tonge, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Alinisindikiza hadi barabarani, akangoja mpaka nikapata gari. Nilikaa dirishani nikijichukia, naye amesimama pale chini akinipungia mkono.