Rimu Zisizomtikisa Mzee

Bibi Futi jina lake alilipata kwa ile futi ya kushonea isiyobanduka shingoni mwake. Shule aliionja tu, akaiacha. Lakini namba za kwenye futi alizijua kama vidole vyake. Na akishasema hapana, ni hapana.

Mumewe alikuwa hospitali wiki ya tano, amepasuliwa mgongo. Alhamisi daktari akasema kesho anaruhusiwa kurudi nyumbani, ila asitikiswe. Mzee akaomba kitu kimoja tu: afuatwe na gari lake, lile kuukuu alilolilea miaka arobaini. Injini ilikuwa nzima, tatizo rimu. Kutu ilizitafuna, mbili zikapata nyufa kwenye tundu za nati. Hata fundi aliogopa kulitoa gereji.

Siku hiyohiyo kitindamimba wao, binti anayefanya kazi benki, akashuka pale gereji na rimu nne mpya na tairi zake. Pana, zinang'aa kama kioo.

"Mama, ona zinavyowaka!"

"Kwani tunakwenda kupikia?"

Fundi akacheka, akazifunga. Gari likasimama limetanua mabega kama jogoo mgeni.

"Zimekaa, mama'angu. Tundu nne, nati nne. Unataka nini tena?"

"Kila gauni lina mikono miwili, fundi. Mbona yote hayamkai mtu?"

Akamwamuru fundi akae ndani, na muuza betri wa jirani naye, mtu mzito, akapandishwa nyuma. Binti akashika usukani.

"Nguo haipimwi ikining'inia. Mtu akae, ainame, ndipo utajua inabana wapi. Haya, mwanangu, kata kona."

Gari likatambaa, likakata. Krrr! Tairi likakwaruza bodi. Bibi Futi akabonyeza ubavu wake kwa kidole: mfupi, mgumu kama kisigino.

"Na tairi hili, kila kishimo litakipeleka mgongoni kwa baba yako."

Binti akateremka, macho yamelowa. "Nilitaka tu afurahi, mama."

Bibi Futi hakuwa mtu wa kubembeleza. Siku hiyo alimfuta uso kwa mtandio wake. "Najua. Hizo kazirudishe. Twende."

Wakazunguka kwa wauza vyuma chakavu mpaka jua likaelekea magharibi, rimu moja ya zamani wameibeba iwe kipimo. Kila walipoona inayofanana, Bibi Futi alipima tundu hadi tundu, ukingo hadi ukingo, kisha akalaza kijiti mgongoni mwa rimu na kuteremsha futi hadi pale inapokutana na gari, ajue kina chake.

"Bibi, unaishonea suruali?" muuzaji mmoja, tumbo mbele, akamtania.

"Ndiyo. Na wewe ningekupima, ila kitambaa hakitatosha."

Watu wakaangua kicheko. Rimu tatu zilikosea kwa upana wa kucha, akazikataa. Kwa muuzaji wa mwisho zikapatikana nne nyeusi, hazina sura, lakini hazikupungua wala kuzidi. Gereji, fundi akazivisha tairi za ubavu mrefu, laini. Wakajazana tena garini, wakakata kona kulia, kushoto. Kimya. Fundi akavua kofia.

Kesho yake mzee alikalishwa mbele, mto mgongoni, mkono umeng'ang'ania mlango. Binti aliendesha. Bibi Futi, nyuma, alikodolea macho ule mkono. Shimo la kwanza lilipokaribia, mzee akafumba macho. Gari likainama polepole, likainuka, likainama tena.

"Bado shimo?" akauliza.

"Tumeshapita mawili, mume wangu. Hili la tatu."

Vidole vikalegea kimoja kimoja. Kufika barabara ya shule ya mtaani kwao, kichwa kilikuwa kimeegemea kiti na mzee anakoroma, yeye ambaye wiki tano hakupata usingizi bila vidonge.

Nyumba ikaonekana. Binti akapunguza mwendo.

"Usisimame," Bibi Futi akanong'ona.

"Mama, chakula kinapoa. Na watu wanangoja mlangoni."

"Wangoje. Zunguka tena."