Nilikagua vifaa vya ruzuku skuli moja Muscat: vyote vipo, vizima, vinanukia udi

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara, wa visiwani na sisi tuliotupwa huku Ghuba.

Uzi huu nimeuandika nikaufuta, nikauandika tena. Leo nauachia. Ninayoeleza nimeyaona kwa macho yangu. Nilichobadilisha ni majina tu, maana Muscat hii ukipiga chafya Sib, anayekuombea rehema ni binamu yako wa Ansab.

Kwanza mnijue. Mimi ni Muomani, mama mzaliwa wa Unguja, baba wa Tabora, na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Kazi yangu ni mkaguzi. Serikali kuu ikitoa ruzuku kwa ajili ya skuli, fedha zinapitia ofisi ya elimu ya eneo, eneo linanunua vifaa na kuvigawa, halafu sisi tunatumwa kutazama kama kilichonunuliwa kipo.

Kwenye karatasi mimi nalinda mali ya umma. Kwa vitendo nakunywa kahawa na kuinama chini ya meza kutafuta vibandiko vya namba.

Sasa, ruzuku ninayoizungumzia ilikuwa ya watoto wenye usikivu hafifu.

Kifaa chenyewe ni rahisi kukielewa. Mwalimu anavaa maikrofoni ndogo kifuani, mtoto anaweka kidude cha kukuza sauti sikioni, na sauti ya mwalimu inamfikia safi hata darasa likiwa na kelele. Bila hicho, mtoto anakaa mbele na kusoma midomo. Mwalimu akigeukia ubao, somo limekwisha.

Findings za eneo letu, yaani kasoro tulizozikuta, wakuu, zilikuwa za kila aina.

Skuli moja haikuwa na mtoto hata mmoja mwenye tatizo hilo, lakini mkuu wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba. Nyingine ilipokea chaja bila vifaa, na chaja zimetunzwa vizuri sana. Nyingine ilitumia sehemu ya ruzuku kwenye hafla ya kupokea ruzuku: mabango, zulia jekundu, keki yenye nembo ya skuli. Nikauliza vifaa viko wapi, nikaonyeshwa picha ya keki.

Kwa hiyo nilipofika skuli ya Bi Zuwena, maeneo ya Ansab, nilikuwa nimeshachoka na roho imeingia kutu. Mlangoni nikavaa uso wangu wa kazi.

Uso huo haukufika mbali. Bi Zuwena, mkuu wa skuli, mama wa makamo, abaya imepigwa pasi ikanyooka, alilitazama jina langu kwenye kitambulisho, akaacha Kiarabu palepale.

"Kumbe mwenzetu! Wewe wa nani?"

Nikamtajia mama yangu.

"Salama? Salama aliyekuwa akikaa nyuma ya msikiti? Hebu kaa, mwanangu. Unakagua nini na tumbo tupu?"

Mnajua sheria zetu za kazi zinasema mkaguzi asipokee kitu kwa anayekaguliwa. Aliyeziandika hajawahi kukaa mbele ya mama wa Kizanzibari mwenye sahani ya vitumbua mkononi. Nilikula. Kahawa ikaja, nikatikisa finjani kuonyesha basi, akajifanya hajaona, akajaza tena.

Halafu akanipeleka kwenye chumba cha vifaa.

Wakuu, mimi nimekagua stoo nyingi. Kile hakikuwa stoo, kilikuwa chumba cha wageni. Zulia, mapazia mazito, kiyoyozi kinapuliza, chetezo kwenye kona bado kina moto. Na katikati, kabati la kioo lenye kufuli. Ndani yake vifaa vimepangwa safu, kila kimoja kwenye boksi lake, nailoni ya kiwandani bado imeng'ang'ania.

"Tazama mwenyewe," akaniambia, anafungua kufuli kwa ufunguo aliouvaa shingoni. "Hata mkwaruzo hakuna. Na nafukiza udi kila wiki, visinuke mpira."

Nikatoa checklist. Kipo? Kipo. Kibandiko? Kipo. Hali? Nzuri sana. Kwa mara ya kwanza mwaka ule kila kisanduku kilipata tiki. Niliona raha, sifichi. Nikamwambia bila ya kufikiri kwamba skuli yake inaweza kupata ngao ya utunzaji bora wa mali.

Akafurahi mpaka macho yakalowa. "Basi subiri nikuonyeshe na vinavyofanya kazi."

Akamwita mwalimu wa darasa, Abla Maryam (huku mwalimu wa kike huitwa abla), msichana mpole asiyeinua sauti, akaja na watoto wake wachache. Watoto wakajipanga mstari bila kuambiwa, wakainua videvu kama wanaosubiri kuvishwa medali. Hapo ningepaswa kushtuka, kwa sababu watoto hawajipangi hivyo kwa kitu wanachokivaa kila siku.

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Thuraya. Darasa la tatu, mtandio umepinda, meno ya mbele hayajamaliza kuota. Abla Maryam alipowasha maikrofoni na kusema karibu wageni wetu, uso wa yule mtoto ulifunguka wote. Akageuka akatazama kiyoyozi. Akatazama mlango ulipolia. Akasugua kiatu kwenye zulia, akacheka.

Bi Zuwena akapiga picha. Wote tukapiga makofi.

Kisha vifaa vikakusanywa. Kimoja kimoja kikafutwa kwa tishu yenye manukato na kurudi kwenye boksi lake. Cha Thuraya kilichelewa kidogo, kwa sababu alikuwa amekishika kwa mikono miwili. Abla akamfungua vidole taratibu.

Thuraya akaja akanivuta kanzu. Alikuwa ametusoma midomo mimi na Bi Zuwena tukiongea Kiswahili, kwa hiyo naye akatumia lugha hiyo ya kwao.

"Ami, utarudi lini?"

Mimi mjinga nikaona mtoto amenipenda. Nikampapasa kichwa, nikasema inshaallah karibuni.

Ni Abla Maryam aliyenieleza tulipokuwa tunatokea koridoni, akiangalia nyuma kuhakikisha mkuu hasikii.

"Kila mgeni anamuuliza hivyo hivyo. Anavishwa akija mgeni tu."

Wakuu, niligeuka palepale.

Nikarudi kwa Bi Zuwena, nikamuuliza kwa upole kwa nini watoto hawavitumii darasani. Alinishangaa kweli.

"Watoto wa kuviangusha hawa? Nimetia saini mimi, mwanangu. Mwenzangu skuli ya jirani projekta ilimfia mkononi, wakaguzi nyinyi mkamkata mshahara mpaka akastaafu. Mimi nimebakisha kidogo nipumzike. Nisubiri kukatwa?"

Ni kweli tulimkata. Barua ile ilitoka ofisini kwetu.

Sasa angalieni mtego nilioingia. Nikiandika vifaa vipo na hali ni nzuri, vinabaki kabatini na Thuraya anaendelea kusubiri wageni. Nikiandika havitumiki, kanuni inasema kifaa kisichotumika kirudishwe bohari kuu. Na bohari kuu, wakuu, hakuji mgeni kabisa.

Nikampigia bosi wangu.

"Vipo?" akauliza.

Vipo.

"Vizima?"

Kuliko vilivyotoka kiwandani.

"Sasa finding iko wapi? Usinitafutie kazi wakati wa kufunga ripoti."

Akakata simu. Nilikaa kwenye gari na hasira, na nusu ya hasira ile ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe, kwa sababu kile kisanduku cha hali nzuri sana nilikitia tiki mimi huku nikitabasamu.

Ijumaa nikaenda kula kwa mama, Sib. Wali, samaki, pilipili ya mbilimbi, kila kitu sawa. Chai ikaja kwenye kikombe changu cha siku zote, kilichomeguka ukingo. Nimekaa sakafuni. Nyuma yangu kuna seti ya makochi ambayo tangu iletwe haijavuliwa nailoni, na kabati la kioo lenye vikombe vya maua ambavyo sijawahi kuvinywea tangu nizaliwe.

Nikamwambia mama leo nataka chai kwenye kile cha maua.

"Vile vya wageni."

"Na mimi?"

"Wewe mgeni wa nani? Kunywa chai yako."

Nikamuuliza, sasa mama, kitu gani kitakufanya uvitoe kila siku?

Akafikiria kwa dhati. "Labda wageni waje kila siku. Na wasiseme saa ngapi watakuja. Mungu aniepushie!"

Nikaweka kikombe chini.

Jumapili, siku ya kwanza ya kazi huku, niliandika pendekezo langu, na naomba mniamini kwamba lilikuwa la kiofisi kabisa. Kwamba kutokana na ubora wa utunzaji, skuli hii itapokea wakaguzi siku yoyote, saa yoyote ya masomo, bila taarifa, hadi mwisho wa mwaka wa masomo. Kwamba wakaguzi hawatapitia ofisini, wataingia moja kwa moja darasani. Na kwamba kifaa kikiharibika mtoto akiwa anasoma, ni uchakavu wa kazi, hakatwi mtu. Bosi akasaini bila kusoma, kama kawaida yake, Mungu ambariki.

Simu ya Bi Zuwena ilikuja siku ileile barua ilipofika.

"Mwanangu, siku yoyote? Sasa nitawavisha saa ngapi?"

"Asubuhi wakiingia, Bi Zuwena. Hatutabiriki sisi."

"Na kuwavua?"

"Wakienda kwao."

"Na hii ya kutokatwa, umeandika wewe kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Nakala unayo."

"Haya. Na kahawa niwe napika kila siku?"

Nikamwambia ajitahidi. Nasikia alijitahidi, walimu wa skuli ile walinenepa mwaka huo.

Sikwenda hata mara moja. Ndiyo ukaguzi bora niliowahi kufanya.

Mwisho wa mwaka ikapita timu nyingine na checklist ileile. Matokeo yakatoka. Ngao ya utunzaji bora wa mali ikaenda kwa skuli ambayo maboksi yake hayajafunguliwa kabisa, hata gundi bado haijabanduliwa. Skuli ya keki ilipata cheti cha ushirikiano na jamii. Bi Zuwena alishushwa mpaka wastani, na katika maelezo wameandika "vifaa vinaonyesha dalili za kutumika."

Nani akatumwa kumpelekea barua? Mimi.

Nilimkuta koridoni. Akaisoma mlemle, nje ya mlango wa darasa la Abla Maryam, na sauti yake ilipanda hadi nadhani mtaa wa Azaiba waliisikia.

"Dalili za kutumika? Si nyinyi mlionitaka nitumie? Nafasi ya ngao nimeshaisafisha! Kimoja kimefungwa kwa kibanio cha nywele, kimoja kimebandikwa paka, vyote vinanuka chipsi! Nilikuambia watoto hawa..."

Nami nikaanza kujitetea, naye akapandisha zaidi, tukawa wawili tunabwata koridoni kama tuko sokoni.

Mlango ukafunguliwa. Thuraya. Mtandio umepinda vilevile, kidude kiko sikioni, nailoni haipo, na pembeni yake paka wa stika ameshapoteza sikio moja. Nikatabasamu, nikijiandaa kuulizwa nitarudi lini.

Akaniangalia kwa hasira na kuweka kidole mdomoni.

"Ami, nyamaza. Nnamskiliza abla."

Akafunga mlango.

Bi Zuwena alibaki na barua mkononi, mdomo wazi. Kisha akaikunja, akaikunja tena, akaitia kwenye mkoba. Tukaondoka pale kwa kunyata, watu wazima wawili. Ofisini akanimiminia kahawa, na nilipotikisa finjani mara hii alikubali, maana na yeye alikuwa anafuta macho.

Nilichojifunza, wakuu: yule mama hakuiba kitu. Woga wake tulimfundisha sisi, kwa sababu kila tulipokwenda tuliuliza kitu kiko wapi, hatukuuliza kinamsaidia nani. Unaweza kuwa na ripoti safi na mtoto kiziwi kwenye chumba kimoja, na sahihi yako iko chini. Siku hizi checklist yangu ina swali moja nimeliongeza kwa kalamu, na bosi bado hajaliona kwa sababu bado hasomi.

Haya, uwanja wenu. Mlioko kwenye ukaguzi semeni mliyoyakuta, na mlioko skulini semeni tulivyowatisha. Wengine hebu nendeni sasa hivi mkamwombe mama kikombe kimoja cha maua, mje mtupe mrejesho.

Nikichelewa kujibu msinune. Mjue kuna mahali nimeambiwa ninyamaze.